Sabato ya Yule Anayekufanyia Kazi

Somo lililofundishwa Jumamosi asubuhi katika semina ya maadhimisho ya ushirika wetu, Nyabugogo, Kigali. Limeandikwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa na kufupishwa kidogo.



Namshukuru mwenyekiti, wachungaji, wazee wa ushirika, na nyie wapendwa mliosafiri: wa Goma na Bukavu, wa Bujumbura, wa Mbarara na Kampala, wa Ngara, wa Nairobi. Wengine mmeshuka kwenye basi alfajiri ya leo hapo chini gare na hamjalala kabisa. Mkisinzia nitawasamehe, maana somo lenyewe ni la kupumzika.

Kila tukikutana, kwenye kikapu cha maswali hakikosekani kikaratasi kinachouliza: Sabato ya kweli ni Jumamosi au Jumapili? Wapo kati yetu waliozaliwa kwenye nyumba za Waadventista. Wapo ambao mume anasali huku na mke anasali kule, na siku ya ibada inageuka kuwa siku ya ugomvi ndani ya nyumba. Wapo walioambiwa na jirani kwamba anayesali Jumapili amepigwa chapa ya mnyama. Na wapo wa kwetu wanaojibu vibaya, eti wale ni watu wa sheria tu, Roho hawamjui. Kamati imesema mwaka huu lifundishwe wazi.

Tuanze na jina la siku, maana hapo wengi hupotea. Leo ni siku gani? Jumamosi. Yaani juma ya mosi, ya kwanza. Haya, wenyeji wetu wa Kigali, leo mnaitaje? Ku wa gatandatu, ya sita. Waganda? Lwamukaaga, nayo ni ya sita. Ndugu wa Kongo wanaosema Kilingala wanaiita mposo, na neno hilo ni posho, siku ya mgawo wa chakula cha wafanyakazi. Mwarabu anasema Sabt, Mfaransa anasema samedi, na hayo mawili yote yametoka kwenye neno Sabato. Mnaona? Siku moja hiyohiyo: ya kwanza, ya sita, ya posho, ya Sabato.

Kwa hiyo usimjengee mtu fundisho juu ya jina la Kiswahili. Nimewahi kumsikia mtu akihesabu vidole kutoka Jumamosi hadi akafika Ijumaa, akatangaza kwamba ndiyo siku ya saba ya Biblia. Majina yetu yalikulia pwani, kwenye miji ambayo siku kuu ya kukusanyika ilikuwa Ijumaa, basi watu wakahesabu kuanzia kesho yake. Wayahudi wao hawana majina ya siku kama yetu. Wanasema siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, halafu ya saba peke yake ndiyo yenye jina, Shabbat, kutoka kwenye neno la kuacha, kukoma, kusimamisha kazi. Siku ya saba ya Biblia ndiyo hii ya leo. Hilo tusibishane na Waadventista, wako sahihi.

Ila imeanza jana. Kwa Myahudi siku huanza jua likizama. Mzee wa Lamu au wa Unguja hashangai akisikia hivyo, maana kwa hesabu ya zamani ya pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni. Saa zetu za Kiswahili nazo huanza kuhesabu upya jua likizama. Basi Ijumaa jioni, kabla giza halijaingia, mama wa nyumba ya Kiyahudi anawasha mishumaa. Chakula kimeshapikwa, moto hauwashwi tena. Mezani kuna kikombe cha divai cha kubarikia siku, na mikate miwili, kukumbuka mana ya jangwani iliyoanguka maradufu siku ya sita ili ya saba mtu asitoke kuokota, Kutoka 16. Kesho yake jioni nyota zikitoka wanaiaga Sabato kwa divai, manukato na mshumaa uliosukwa. Walimu wao wa zamani walihesabu aina 39 za kazi zisizofanywa siku hiyo: kupanda, kuvuna, kukanda unga, kufuma, kuandika, kuwasha moto, kuzima moto, kubeba mzigo kutoka nyumbani kwenda barabarani, na nyingine. Sisi tukisikia hivyo tunasema, ah, utumwa huo! Lakini walimu haohao walifundisha kwamba uhai wa mtu ukiwa hatarini, Sabato inavunjwa bila kuuliza mara mbili. Na ukikaa mezani kwao siku hiyo huoni watu wanaoteswa. Unaona watu wanakula, wanaimba, wanalala mchana.

Huhitaji kupanda ndege kwenda Yerusalemu kuona. Panda basi hapo chini, nenda Kampala, kisha Mbale. Huko kuna Abayudaya, Waganda na watu wa mashariki ya Uganda wanaoishi dini ya Kiyahudi kwa zaidi ya miaka mia. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala mashariki. Alikuwa Mprotestanti. Baadaye akajiunga na kundi la Malaki, lile lililokataa dawa za hospitali na kutunza Jumamosi. Akaendelea kusoma Agano la Kale, akafika kwenye tohara. Mwaka 1919 akatahiriwa, na inasimuliwa kwamba alipoambiwa tohara hiyo itamfanya Myahudi, akajibu basi na tuwe Wayahudi. Alifariki mwaka 1928. Wafuasi wake walibaki wachache, maskini, wakulima. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao walisali kwa kujificha hadi alipoondolewa mwaka 1979. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea kazi hiyo Marekani, akawekewa mikono mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Hadi leo, Ijumaa jioni kwenye kilima cha Nabugoye, wanaimba zaburi kwa Kiebrania na kwa Kiganda.

Nimewataja kwa sababu moja. Kakungulu hakufundishwa Sabato na mzungu. Aliikuta ndani ya kitabu kilekile tulichobeba mikononi. Kwa hiyo mtu akikwambia Sabato ni habari ya watu wa kule, mwambie wapo wa hapa.

Sasa fungueni. Kutoka 20, halafu Kumbukumbu la Torati 5. Amri ni ileile, ila sababu ni mbili. Kwenye Kutoka, pumzika kwa kuwa Mungu aliumba kwa siku sita akapumzika ya saba. Kwenye Kumbukumbu, Musa anawaambia wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawatoa. Na anaongeza jambo ambalo watu wengi tunalipita: mtumwa wako na mjakazi wako wapate kupumzika kama wewe.

Hesabuni waliotajwa. Wewe. Mwanao. Binti yako. Mtumwa wako. Mjakazi wako. Ng'ombe na punda wako. Mgeni aliye ndani ya malango yako. (Wamama watauliza, mke yuko wapi? Walimu wengi wanasema yumo ndani ya neno "wewe". Msicheke bado, nitawarudia.) Amri hii anaambiwa nani? Haambiwi mtumwa. Mtumwa ataamuaje kupumzika? Anaambiwa mwenye shamba, mwenye ng'ombe, mwenye malango, yule ambaye neno lake moja linasimamisha kazi au linaiendesha. Kutoka 23 mstari wa 12 inasema wazi kabisa kwamba makusudi ni ng'ombe na punda wapumzike, na mwana wa mjakazi na mgeni wapate kuvuta pumzi.

Kule Misri hawakuwa na siku. Farao alipoombwa siku tatu za ibada, alisema hao ni wavivu, akaondoa majani na idadi ya matofali akaiacha palepale. Mtu aliyetoka kwa bosi wa namna hiyo, Mungu anamwambia: na wewe ukiwa bosi, usiwe Farao.

Ulimwengu wa zamani uliona jambo hili kama ujinga. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliwalaumu Wayahudi kwamba wanapoteza sehemu ya saba ya maisha yao kwa kukaa bure. Mrumi tajiri alipumzika alipotaka, na mtumwa wake hakupumzika. Haikumwingia akilini kwamba wote wawili wasimame siku moja.

Na wafanyabiashara, mnisikilize hapa. Amosi 8 anawataja wachuuzi wanaoona Sabato inachelewa kuisha ili warudi kufungua magunia ya ngano, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Wamekaa ibadani lakini moyo uko kwenye mizani. Nehemia 13 ndiyo gare yetu kabisa: watu wa Tiro wanaleta samaki na bidhaa kila aina, wanauza Yerusalemu siku ya Sabato. Nehemia akafunga malango giza lilipoanza kuingia. Wachuuzi wakalala nje ya ukuta mara moja, mara mbili, wakisubiri. Akawatishia kuwakamata, hawakurudi tena siku hiyo. Nani aliyeijua Nyabugogo anayeweza kusoma sura hiyo asione mabasi na mikokoteni?

Twende kwa Bwana Yesu. Luka 4 inasema ilikuwa desturi yake kuingia sinagogi siku ya Sabato. Hakuivunja kwa dharau. Alibishana na walimu wenzake jinsi ya kuitunza, na kubishana namna hiyo ni jambo la Kiyahudi kabisa. Hata kati ya marabi wa baadaye kuna waliofundisha kwamba Sabato imetolewa kwa ajili ya watu na si watu kwa ajili ya Sabato. Kwenye Luka 13 yuko mama aliyepinda mgongo miaka 18. Yesu anauliza, kila mmoja wenu si humfungua ng'ombe wake siku ya Sabato akamnyweshe? Basi binti huyu wa Ibrahimu asifunguliwe? Angalieni neno kufungua. Wao waliona mtu anafanya kazi siku ya Sabato. Yeye aliona mtumwa anapewa ruhusa.

Baada ya kufufuka kwake, siku ya kwanza ya juma, wanafunzi walianza kukutana siku hiyo. Matendo 20, wanamega mkate Troa. Wengi wao waliendelea pia kwenda sinagogi Sabato. Paulo yuko huko Antiokia ya Pisidia, na Filipi yuko kando ya mto na Lidia mfanyabiashara wa zambarau. Lakini hapa lazima tuseme ukweli. Hakuna mstari unaosema Sabato imehamishwa kwenda Jumapili. Ukiutafuta utachoka. Jumapili ilikuwa siku ya kukutana kwa ajili ya ufufuo, na haikuwa siku ya mapumziko. Karibu mwaka 112 gavana wa Kirumi Plinio anamwandikia Kaisari kwamba Wakristo hukutana kabla hakujapambazuka. Kwa nini alfajiri? Kukipambazuka wanakwenda kazini! Wengi walikuwa watumwa na vibarua. Walimsifu Bwana gizani, kisha wakabeba mizigo ya mabwana zao mchana kutwa.

Mapumziko ya Jumapili yalikuja kwa sheria ya Kaisari Konstantino, tarehe 7 Machi 321: mahakama zifungwe, mafundi wa mijini waache kazi, ila wakulima waendelee maana mvua haisubiri. Baadaye katika karne hiyohiyo mkutano wa Laodikia uliwakataza Wakristo kupumzika Jumamosi kama Wayahudi. Mtu hakatazwi asichofanya, kwa hiyo mjue bado walikuwa wengi waliofanya hivyo. Na kwa maoni yangu, ndani ya makatazo hayo mlikuwa na chuki juu ya Wayahudi, na kanisa halikufaidika na chuki hiyo hata kidogo.

Afrika ilikwenda njia yake. Ethiopia kulikuwa na mtawa Ewostatewos, aliyefariki mwaka 1352. Yeye na wafuasi wake walishikilia kwamba Jumamosi na Jumapili zote ziheshimiwe, wakafukuzwa na wakuu wa kanisa. Mwaka 1450 mfalme Zara Yaqob akaitisha mkutano Debre Mitmaq na siku zote mbili zikakubaliwa. Kwa hiyo Wakristo weusi walikuwa na mjadala huu kabla ya mmisionari yeyote kufika Kigali.

Waadventista walifika Upare mwaka 1903, Gendia kando ya Ziwa Victoria mwaka 1906, na hapa Rwanda, Gitwe, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sisi Wapentekoste, injili yetu hapa ilitoka Kongo pamoja na wamisionari wa Sweden, ikaanza Gihundwe mwaka 1940, na Jumapili yetu ilikuja ndani ya sanduku hilohilo. Waadventista wameilipia siku yao. Uganda, wanafunzi wa Makerere walioomba wasifanye mitihani Jumamosi walishindwa hadi Mahakama ya Juu, mwaka 2006. Kenya, mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilikubali wanafunzi wao waheshimiwe siku yao. Mtu anayekubali kukosa mtihani kwa ajili ya Mungu, mimi siwezi kumcheka.

Basi jibu la kikaratasi ni lile la Warumi 14: mmoja anaiona siku moja bora kuliko nyingine, mwingine anaziona zote sawa, na kila mmoja athibitike akilini mwake. Wala tusihukumiane kwa ajili ya Sabato, Wakolosai 2. Mume anayesali huku asimzuie mke anayesali kule. Hilo limekwisha.

Lililobaki ndilo linalonisumbua mimi. Tumegombana juu ya siku ipi, na katikati ya ugomvi kuna watu wetu wasio na siku yoyote.

Nyie mnaomiliki mabasi na daladala na matatu: konda wako, makanga wako, konvayeri wako, kila mpaka una jina lake lakini kazi ni moja, anapumzika lini? Wewe Jumapili umevaa suti unaimba, yeye anakata tiketi. Jumamosi anakata tiketi. Wenye maduka, yule karani anayebeba magunia kichwani kutoka kwenye lori, mnamjua hata jina? Na sasa wamama, niliahidi kuwarudia. Yule binti aliyebaki nyumbani na watoto wakati sisi tuko kwenye semina. Hausigeli, yaya, dada wa kazi. Anaamka kabla yenu, analala baada yenu, na Jumapili ndiyo siku yake ngumu kuliko zote kwa sababu ndiyo siku ya wageni. Tunaombea wageni wapate baraka, na yeye anaosha vyombo vya baraka hizo mpaka saa nne usiku. Kanisani haji. Mchungaji hamjui. Tukimwuliza Mungu kwenye Kumbukumbu 5 huyu ni nani, atasema ni mjakazi, ametajwa.

Hata serikali zimetutangulia. Sheria ya kazi ya Rwanda ya 2018 inampa mfanyakazi angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Tanzania iko kwenye sheria ya 2004, Uganda ya 2006, Kenya ya 2007. Nadhani wabunge waliozipitisha hawakuwa wote walokole. Tena msiniambie haiwezekani kusimamisha kazi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, umuganda unasimamisha nchi nzima: barabara tupu, maduka yamefungwa, na hakuna aliyefilisika kwa ajili hiyo.

Najua swali linalokuja. Mama mmoja aliniuliza hapo nje: mimi nauza dodo na nyanya, nisipouza leo watoto hawali leo, je, nina dhambi? Mama, hapana. Yesu aliwatetea wanafunzi waliokuwa na njaa wakivunja masuke shambani siku ya Sabato. Wewe siyo niliyekuwa namwambia. Ila walio na duka la jumla wanaokuuzia nyanya hizo, ndio wanaoweza kukusaidia upate siku: wakukopeshe Jumamosi ulipe Jumanne, mzunguke watano watano kuangaliana meza. Mana ya siku ya sita iliangukia kambi nzima, haikuanguka mlangoni kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kabla ya kuondoka leo, kila mwenye mfanyakazi amwendee katibu wa tawi lake, aandikwe: ana wangapi, na kila mmoja anapumzika siku gani. Iwe Jumamosi, iwe Jumapili, iwe Jumatano kwa dereva wa masafa marefu, lakini iandikwe, na mwakani tutasoma. Ambaye mfanyakazi wake ni Mwadventista ampe Jumamosi. Ambaye wake ni Mwislamu asimkatie mshahara saa ya Ijumaa.

Tumekwisha anza sisi wenyewe. Jana mama mwenye zamu ya jiko alituuliza, wale dada kumi waliotupikia tangu Alhamisi watasikia neno saa ngapi? Kamati ikakaa. Chakula cha kesho kinapikwa leo mchana, maradufu, na kesho jiko linafungwa. Wapishi watakaa safu ile ya mbele, upande wa kwaya. Msishangae mkikuta wali ni wa baridi na chai imetoka kwenye chupa. Wazee wa ushirika wataosha vyombo. Orodha ya zamu imebandikwa mlangoni, na jina la mwenyekiti ni la kwanza.